UZI: Wilsnack, kijiji cha Ujerumani kilichojengewa kanisa kubwa na hostia tatu (1383–1552)

#1 MlinziWaNyaraka

Wakuu, humu jukwaani historia ya Kanisa la Ujerumani huwa tunaianzia kwa Luther mwaka 1517, kana kwamba kabla yake watu walikuwa wamelala. Leo nawaletea kijiji ambacho kabla ya Luther kilijulikana Uingereza, Skandinavia, Hungaria na Uholanzi. Nakwenda kwa vipande. Mwenye swali atupie, mwenye nyongeza amwage.

Wilsnack (leo Bad Wilsnack) iko Prignitz, kaskazini magharibi mwa Brandenburg, kwenye reli ya kutoka Berlin kwenda Hamburg. Ardhi ni tambarare, mchanga mwingi, mabwawa, misonobari. Jina lenyewe si la Kijerumani, ni la Kislavi, kwa sababu huko ilikuwa nchi ya Wawendi, yaani Waslavi wa kanda hiyo. Mfalme Otto I alianzisha jimbo la Havelberg katikati ya karne ya 10, maasi ya Waslavi ya 983 yakawafukuza maaskofu, na kiti hakikukaliwa tena kwa uhakika hadi karne ya 12. Kanisa kuu la Havelberg likawekwa wakfu tarehe 16 Agosti 1170. Ishikeni tarehe hiyo.

Sasa ruka hadi 16 Agosti 1383. Wanakijiji wa Wilsnack wako Havelberg kwenye sikukuu ya kutabaruku kanisa kuu. Kijiji kitupu. Mkabaila Heinrich von Bülow, aliyekuwa na ugomvi na askofu, anakichoma pamoja na vijiji vingine vya jirani. Ugomvi wa aina hii haukuwa ujambazi tu, ulikuwa na taratibu zake: ulianza kwa barua ya kutangaza uadui, kisha ukafuata mlango wa mapato. Ngome ya askofu huiwezi, basi unachoma wanaomlipa kodi na zaka. Anayeumia ni mkulima.

Kanisa likaungua na kijiji. Simulizi ya zamani inasema siku chache baadaye padri wa hapo, Johannes Kabuz, alisikia sauti usiku ikimtuma akasome misa kwenye magofu. Juu ya altare akakuta hostia tatu (mikate myembamba ya misa) ndani ya kitambaa chake, hazijaungua, kila moja ina tone la damu katikati.

Kwanza nawaachia hapo.

#2 Kisiki

Mkuu, kabla hujaenda mbali. Hostia hizo zilikuwa zimegeuzwa au zilikuwa mkate tu? Nauliza kwa sababu kesi nzima iko hapo.

#3 BintiMatini

Kisiki umegonga penyewe. Hili ndilo swali ambalo maaskofu na maprofesa waligombania kwa miaka 70.

Kwa mafundisho ya Kikatoliki, hostia iliyogeuzwa inaabudiwa, kwa kuwa ni Mwili wa Kristo. Hostia ambayo haijageuzwa ni unga na maji. Ukiipigia magoti ukidhani ni Ekaristi, umeabudu mkate. Sasa Wilsnack hapakuwa na shahidi wa kuapa kwamba zile tatu ziligeuzwa katika misa fulani na padri fulani.

Simulizi inasema Askofu Dietrich wa Havelberg aliliona shimo hilo mapema. Alikwenda mwenyewe akakusudia kuzigeuza, ili kama kuna walakini uishe. Alipofika kwenye maneno ya mageuzo, hostia ya katikati ikafurika damu. Waliotetea wakasema: mnaona, zilikuwa zimeshageuzwa, Mungu amekataa zirudiwe. Waliopinga wakasema: basi hamjui bado, mmekatizwa tu.

Suluhisho lililokuja baadaye lilikuwa la kimatendo, na ni rahisi ajabu: weka hostia mpya, iliyogeuzwa leo mbele ya watu, pembeni ya zile tatu. Anayepiga magoti anaabudu ile mpya. Za zamani zinabaki hapo kama ishara. Padri akisahau kubadilisha ile mpya ikaoza, mnarudi kwenye tatizo lile lile.

#4 MlinziWaNyaraka

Asante dada, umenipunguzia kazi.

Naendelea na pesa, maana bila pesa hii ingebaki habari ya kijijini. Mwaka 1384 Papa Urbano VI alitoa rehema (msamaha wa toba ambayo mtu anadaiwa kwa dhambi zake) kwa watakaosaidia kulijenga upya kanisa la Wilsnack, na maaskofu wa kanda nao wakatoa za kwao za siku 40. Kwa nini 40? Mtaguso wa Laterano wa 1215 ulimwekea askofu kikomo: siku 40 kwa rehema ya kawaida, mwaka mmoja kwa siku ya kutabaruku kanisa. Askofu mmoja hawezi kuzidisha, kwa hiyo kanisa linakusanya barua za maaskofu wengi na kila mmoja anatia zake 40. Na siku hizo si siku za kupunguziwa toharani kama wengi wanavyodhani. Ni kipimo cha toba ya kanuni za kale: umesamehewa kiasi ambacho toba ya siku 40 ingekufutia.

Askofu aliyefuata, Johann Wöpelitz (1385–1401), alikuwa mtu wa hesabu. Katika miaka ya 1390 aliiingiza parokia ya Wilsnack kwenye mfuko wa askofu. Maana yake kisheria: mapato yote ya parokia ni ya askofu, na padri anayehudumia pale ni mwakilishi anayelipwa posho yake. Sadaka za mahujaji zikagawanywa mafungu matatu: moja la askofu, moja la makanoni (mapadri wa baraza la kanisa kuu) wa Havelberg, moja la ujenzi wa Wilsnack.

Ukiingia Havelberg leo utaona fungu la pili lilikokwenda. Ukuta wa mawe ya kuchonga unaotenganisha kwaya (sehemu ya mapadri, penye altare) na waumini, wenye picha za mateso ya Kristo, ni wa miaka ile ile ya mwanzo wa neema hiyo. Na Wöpelitz mwenyewe amelala humo kwenye kaburi lenye sanamu yake.

#5 FundiMatofali

Hapo kwenye fungu la tatu niruhusuni niseme kidogo, kwa sababu kuta zenyewe zinasema kuliko barua.

Prignitz haina jiwe la kujengea. Unachopata ni mawe ya mviringo yaliyoburutwa na barafu ya kale kutoka Skandinavia, yametawanyika mashambani. Makanisa ya vijijini kule yamejengwa kwa hayo: kuta nene, madirisha madogo, kwa sababu jiwe la mviringo halikubali kona nyembamba wala tao refu. Kanisa la Mtakatifu Nikolai la Wilsnack ni la tofali jekundu la kuchoma. Hilo peke yake linakwambia kwamba pesa ilikuwa imeingia.

Tofali la enzi zile huko kaskazini ni kubwa kuliko la leo: urefu kama sm 28 hadi 30, upana sm 14, kimo sm 9 au 10. Udongo wa mfinyanzi unachimbwa vuli na kuachwa nje msimu wa baridi, barafu iupasue madonge. Majira ya kuchipua unakandwa, unatolewa mawe na mizizi, unafyatuliwa kwenye fremu ya mbao iliyopakwa mchanga, unaanikwa kivulini kwa wiki kadhaa. Ukikimbilia tanuri na tofali bado lina maji tumboni, mvuke unalipasua. Punje ya chokaa ikibaki kwenye udongo, tofali linatoka zima, halafu likinyeshewa punje inavimba na kurusha kipande cha uso. Moto ukiwa mdogo linabaki la rangi ya machungwa na linameguka kwa baridi. Ukizidi linapinda na kuwa jeusi kama kioo. Yale meusi hayakutupwa, mafundi wa kaskazini waliyapanga kama mapambo.

Mchoro wa kanisa ni wa ukumbi, yaani sehemu ya kati na zile za pembeni zina kimo karibu sawa chini ya paa moja kubwa. Nguzo zinabeba kuba, na nuru inaingia kutoka pembeni. Umbo hili linafaa umati: hakuna kona ambayo huoni altare. Sasa kitu cha kutazama ni uwiano. Kwaya na mikono ya msalaba (mabawa mawili ya kanisa, kusini na kaskazini) ni mikubwa mno, lakini sehemu ya waumini upande wa magharibi ni fupi, imekatika kama sentensi isiyomaliziwa. Ujenzi wa namna hii unaanzia mashariki, kwenye altare, ili misa isomwe mapema, kisha unasogea magharibi sadaka zikiruhusu. Ukiona magharibi fupi, jua mfuko ulikauka au nia iliisha.

#6 Kisiki

Fundi, kwani zile hostia zilikaa wapi? Altare kuu?

#7 FundiMatofali

Hapana. Zilikuwa na kikanisa chao upande wa kusini, kwenye mkono wa msalaba. Humo kuna kabati la mbao lenye milango iliyochorwa, ndiko zilikohifadhiwa ndani ya chombo cha kioo. Lipo hadi leo.

Ukiwaza mtiririko wa watu utaona akili yake. Umati hauwezi kukanyagana altareni na misa inaendelea. Wanaingia, wanasogea hadi mkono wa kusini, wanaona, wanatoa, wanatoka. Kwaya inabaki huru kwa ibada.

#8 Mwanamaabara

Nawasikiliza tu, ila naona mtu atauliza ile damu ilikuwa nini. Nimalize mapema.

Kuna bakteria anaitwa Serratia marcescens. Anapenda vyakula vya wanga vyenye unyevu na joto la kadiri, nyuzi 25 hadi 30. Akimea hapo anatoa rangi nyekundu, prodijiosini, na makundi yake yanaonekana kama matone yenye kung'aa, si kama ukungu wenye manyoya. Mtu ambaye hajawahi kuyaona ataapa ni damu. Mwaka 1819 Bartolomeo Bizio wa Padua alithibitisha kwamba uji mgumu wa mahindi uliogeuka mwekundu nyumbani kwa wakulima ulisababishwa na kiumbe hai. Mwaka 1848 Christian Ehrenberg wa Berlin aliyachunguza madoa mekundu kwenye chakula na kuyahusisha moja kwa moja na visa vya kale vya hostia kutoka damu.

Wilsnack tuna mwezi wa Agosti, kitambaa chenye unyevu, mkate wa ngano usio na chumvi wala chachu. Mazingira yanakubali. Lakini nisitiwe maneno mdomoni: kukubali si kuthibitisha. Hostia zenyewe hazipo, kwa hiyo hakuna cha kupima. Halafu bakteria huyu rangi yake haidumu. Mwanga unaichujua, mkate wenyewe unaliwa na kuwa vumbi. Hii inahusu kitakachofuata, maana najua Mlinzi anaelekea kwa Tocke.

#9 MlinziWaNyaraka

Umenisoma mawazo. Ila tupitie Praha kwanza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1400 mahujaji wengi wa Bohemia (Ucheki ya leo) walikuwa wanakwenda Wilsnack na kurudi na habari za miujiza. Askofu mkuu wa Praha, Zbyněk, akaunda tume ya wasomi watatu, mmoja wao mhubiri Jan Hus. Walifanya jambo ambalo hata leo ni somo la uchunguzi: hawakwenda Wilsnack kubishana juu ya damu, waliwatafuta waliosemekana wamepona, wakawahoji kwa kiapo.

Hus mwenyewe aliandika walichokuta. Mtoto aliyedaiwa kuponywa mguu, mguu ulikuwa mbaya kuliko kabla. Wanawake wawili waliotangazwa kuwa vipofu waliofumbuliwa walisema hawakuwahi kuwa vipofu, macho yalikuwa yanawauma tu. La tatu ndilo linalonikosha. Mwananchi wa Praha mwenye mkono uliolemaa alipeleka Wilsnack mkono wa fedha kama nadhiri. Akakaa siku chache kimyakimya kusikia mapadri watasema nini. Padri akapanda mimbarini na kuwaonyesha watu mkono ule wa fedha, akisema mwenyewe amepona kwa nguvu ya Damu Takatifu. Mtu yule akanyanyua mkono wake ule ule mlemavu mbele ya umati.

Mwaka 1405 sinodi ya Praha ikapiga marufuku hija ya Wilsnack, na mapadri wakaagizwa kulitangaza katazo hilo makanisani kila mwezi. Kwamba ilibidi kutangaza kila mwezi, jumlisha mwenyewe watu walivyotii.

#10 BintiMatini

Niongeze kwamba hoja ya Hus ilikuwa na ghorofa mbili, na watu huikumbuka ya chini tu. Ya chini ni ulaghai. Ya juu ni hii: Kristo alifufuka mzima, na damu yake yote iliyo ya mwili wake ilitukuzwa pamoja naye. Kwa hiyo hakuna damu yake inayoonekana duniani ya kuwekwa kwenye kioo. Hoja hiyo haipigi Wilsnack peke yake, inapiga kila kanisa la Ulaya lenye chupa ya damu takatifu.

Watawa wa Kifransisko walijibu kwamba baadhi ya damu iliyomwagika msalabani inaweza kuwa imebaki duniani. Mtetezi mkubwa wa Wilsnack alikuwa Mfransisko, Matthias Döring, mkuu wa kanda ya Saksonia, mtu wa Kyritz, mji ulio njiani kabisa mwa mahujaji kutoka Berlin. Watawa wa Kidominiko walisimama upande mwingine. Mjadala ukafika Roma, na mwaka 1464 Papa Pio II akawafunga midomo wote wawili: pasiwepo kubishana juu ya jambo hilo wala kuitana wazushi hadi Kiti Kitakatifu kiamue.

#11 MlinziWaNyaraka

Sasa Tocke. Heinrich Tocke alikuwa kanoni wa Magdeburg na mwanateolojia. Magdeburg ndilo jimbo kuu lililokuwa juu ya Havelberg, na tayari mwaka 1412 lilikuwa limetoa malalamiko rasmi dhidi ya Wilsnack. Mwaka 1443 Tocke akaenda mwenyewe na kuomba afunguliwe kabati. Akaona vipande vilivyoliwa karibu vyote, mabaki kama utando wa buibui, na wekundu wowote hakuna. Baada ya hapo hakunyamaza.

Mwaka 1451 Kadinali Nikolaus wa Kues alipita Ujerumani kama mjumbe wa Papa kusafisha Kanisa. Tarehe 5 Julai, akiwa Halberstadt, alitoa amri bila kuitaja Wilsnack: mapadri popote wenye hostia za damu waache kuzionyesha kwa watu, na mahali patakapokaidi pafungiwe ibada. Kila mtu alijua ni nani anayeambiwa.

Askofu Konrad wa Havelberg hakutii. Askofu mkuu wa Magdeburg akamtenga na Kanisa, naye Konrad akamtenga askofu mkuu. Mtawala Mteuzi (mmoja wa watawala waliomchagua mfalme wa Ujerumani) Friedrich II wa Brandenburg akasimama na Havelberg, kwa kuwa hija ilikuwa nchini mwake na yeye mwenyewe alikuwa muumini wake. Mwaka 1453 Papa Nikola V akafuta adhabu zote na kuruhusu hija iendelee. Sharti la hostia mpya iliyogeuzwa kuwepo pembeni ya zile za kale lilikuwa limeshawekwa na Papa Eugenio IV kabla yake. Rudi kwenye bandiko la dada hapo juu, #3. Ndiyo dawa iliyotumika.

#12 Kisiki

Yaani Kadinali alishindwa na kijiji.

#13 MlinziWaNyaraka

Alishindwa na mtawala mwenye jeshi na Papa aliyehitaji watawala. Kijiji kilikuwa kimekaa tu mlango wa nyuma kinahesabu.

#14 NjiaNdefu

Kwa wanaopenda mambo ya safari, hii ndiyo sehemu yangu.

Kutoka Berlin njia ilipita Hennigsdorf, Bötzow, Linum, Fehrbellin, Wusterhausen, Kyritz, ndipo Wilsnack. Kwa mwendo wa kilomita 20 hadi 25 kwa siku ni siku sita hivi. Tatizo si milima, haipo. Tatizo ni maji: mabonde ya Rhin na Dosse yalikuwa tope tupu, unavuka pale tu penye daraja au tuta. Ndiyo maana njia inapinda mahali ambapo kwenye ramani ungenyoosha.

Kutoka kaskazini watu walishuka kupitia Lübeck. Pale bado lipo jiwe la njia la mwaka 1436 la kuwaelekeza mahujaji wa Wilsnack. Wasia za wafanyabiashara wa Lübeck zimejaa maagizo ya namna hii: nikifa, alipwe mtu aende Wilsnack kwa niaba yangu. Kwa hiyo si kila hujaji alikwenda kwa ajili ya nafsi yake. Wengine walikuwa kazini.

Wengine walikuwa wafungwa, kwa namna fulani. Mahakama za miji ya Flandria na Uholanzi zilihukumu watu kwenda hija kwa kosa la kupiga, kutukana au hata kuua. Wilsnack ilikuwa kwenye orodha ya vituo hivyo. Mhukumiwa alitakiwa kurudi na cheti chenye muhuri wa mahali alikopelekwa. Na miji iliweka viwango vya kulipia badala ya kwenda: mbali zaidi, ghali zaidi. Ukisikia Wilsnack ilitajwa Ghent, usidhani yote ni uchaji.

Hujaji anayejulikana kwa jina kuliko wote ni Mwingereza Margery Kempe, aliyepita mwaka 1433 akitokea Danzig, mwanamke wa miaka kama 60, akaendelea hadi Aachen.

#15 Kisiki

Na ile mizani ya dhambi? Nimesikia mtu alipimwa upande mmoja, na upande wa pili anajaza nyama, mkate na fedha hadi mizani ilingane, kumbe chini kuna mtu anavuta kamba.

#16 MlinziWaNyaraka

Hiyo ishike kwa vidole viwili. Mwandishi mkubwa wa habari za Wilsnack ni Matthäus Ludecus, dekano wa Kilutheri wa Havelberg, aliyechapa historia yake mwaka 1586. Ni chanzo cha thamani kwa sababu alinakili nyaraka. Lakini alikuwa anaandika kuonyesha uongo wa mapapa, na visa vya mizani ya hila vinapendeza mno kwa kazi hiyo. Kupima watu kwa sadaka ya uzito wao kulikuwepo kweli kwenye hija za zama hizo, mgonjwa alitoa nta au nafaka sawa na uzito wake. Kamba ya chini kwa chini ni jambo jingine.

Kwa wanaofanya kazi na maandiko ya Ludecus, mbinu ni moja: tenganisha barua anazozinukuu na maelezo anayoyaweka katikati ya barua.

#17 BintiMatini

Kabla hatujaenda kwenye mwisho, kuna jambo lisipite kimya. Hostia zenye damu Ujerumani ziliua watu. Sternberg, Mecklenburg, mwaka 1492, Wayahudi 27 walichomwa moto kwa tuhuma ya kudunga hostia. Berlin mwaka 1510, 38 wakachomwa kwa tuhuma ya aina hiyo. Wilsnack haina tuhuma hiyo katika simulizi yake. Aliyechoma kanisa ni mkabaila Mkristo, na jina lake likabaki. Ukilinganisha vituo vya damu takatifu, tofauti hii ndiyo ya kwanza kuiandika.

#18 MlinziWaNyaraka

Kweli kabisa, asante.

Mwisho sasa. Mwaka 1520 Luther aliitaja Wilsnack pamoja na Sternberg, Trier, Grimmenthal na Regensburg kama vituo vinavyopaswa kubomolewa. Mwaka 1539 Joachim II wa Brandenburg akakubali Matengenezo ya Kilutheri. Lakini Havelberg ilikuwa na Askofu Busso von Alvensleben, Mkatoliki asiyeyumba, na hadi alipofariki mwaka 1548 hostia zilikaa kabatini mwao. Hata baada yake makanoni wa Havelberg walishikilia ya kale.

Wilsnack ikapata mchungaji wa Kilutheri, Joachim Ellefeld. Alihubiri dhidi ya hostia, mahujaji wachache bado wakaja. Tarehe 28 Mei 1552 alizitoa akaziteketeza kwa moto. Makanoni wakashtaki, Ellefeld akafungwa kwenye ngome ya Plattenburg, jirani tu. Mtawala Mteuzi, ambaye mwenyewe alikuwa Mlutheri, hakupenda mchungaji ajichukulie sheria mkononi, ila hakutaka pia kumwadhibu kwa kosa la kuchoma mkate. Mwishowe akaachiwa na kuondoka nchini.

Hija ikafa. Nyumba za wageni, mafundi wa mishumaa, wauza beji, wote walikuwa wanakula kwenye kabati lile. Mji ukarudi kuwa wa wakulima hadi mwanzoni mwa karne ya 20, ilipogunduliwa kwamba tope la mabwawa yake linafaa kwa tiba ya kuoga. Ndiyo asili ya "Bad" kwenye jina.

#19 FundiMatofali

Umetaja beji. Hizo ndizo zimetuachia ramani ya mahujaji, nizieleze.

Beji ya Wilsnack huikosei: duara tatu zimeungana, mbili chini na moja juu au kinyume chake, kila duara ni hostia yenye picha ndogo ndani, mojawapo msalaba. Ni mchanganyiko wa risasi na bati. Kalibu ni vipande vya jiwe laini vilivyochongwa picha kinyumenyume, vinabanwa pamoja, mdomo wa kumiminia uko juu. Mchanganyiko mzuri wa bati na risasi unayeyuka chini ya nyuzi 200, kwa hiyo jiko la mkaa linatosha. Kalibu ikiwa baridi, madini yanaganda kabla hayajafika kwenye vijitundu vya kushonea, na beji inatoka na pembe iliyokatika. Ikiwa na unyevu, mvuke unarusha risasi usoni mwa fundi. Ndiyo maana kalibu hupashwa moto kwanza, na beji chache za mwanzo hurudishwa chunguni.

Zilishonwa kwenye kofia au koti kwa vile vijitundu. Nyingi zimeokotwa kwenye matope ya mito na bandari za Uholanzi, ambako hewa haifiki na risasi haili kutu.

#20 NjiaNdefu

Fundi, na zile za kwenye kengele?

#21 FundiMatofali

Hizo ndizo bora kwa anayetafuta tarehe. Fundi wa kengele alipokuwa anatengeneza umbo, alibandika beji halisi, au nakala yake ya nta, juu ya kengele ya udongo, kisha akaifunika kwa udongo wa nje. Alama ikabaki upande wa ndani wa kifuniko, na shaba ilipomiminwa ikaichukua picha nzima. Beji ya risasi imepotea zamani, kengele bado inalia Denmark au Ujerumani ya kaskazini ikiwa na duara tatu ubavuni.

Kengele nyingi zina mwaka umeandikwa mstari wa juu. Kwa hiyo unajua beji ya sura hiyo ilikuwepo kabla ya mwaka huo. Tahadhari moja tu: fundi aliweza kutumia beji ya babu yake. Mwaka wa kengele unakupa mpaka wa mwisho, haukupi mwaka wa hija.